Maoni Binafsi ya Mwanasafu

Jumatatu, 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua una simu na najua ungepokea, lakini unanijua mimi na simu. Nikisikia tu "haloo" maneno yote yanakimbilia tumboni, nabaki na "ndiyo, shangazi" na "salama, shangazi" mpaka Bibi ananinyang'anya. Kwenye karatasi sina aibu. Kwenye karatasi naweza hata kukubishia.

Nina jambo dogo na jambo kubwa. Naanza na dogo ili mkono uache kutetemeka.

Darasa letu linaandaa gazeti la ukutani kwa lugha zote mbili tunazosomea, na kila mmoja amepewa neno moja la kazi ya uandishi alieleze. Mimi nimepewa "mwanasafu". Redio, mwenzangu wa dawati (tunamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia), alisema ni mtu wa kusimama mstarini kwenye gwaride. Darasa zima likacheka. Nilipomuuliza Bibi akasema, "Shangazi yako analipwa kwa kubisha. Alianza bure, hapa hapa jikoni kwangu." Naomba maana iliyo bora kuliko hizo mbili.

Sasa lile kubwa. Ijumaa maabara ya kemia ilishika moto. Mpira wa gesi kwenye meza ya mbele ulichomoka, ndimi za moto zikaruka zikashika pazia la karibu na mlango tunaoingilia. Mwalimu wa kemia akapiga kelele, "Mlango wa nyuma! Wote mlango wa nyuma!" Tukakimbia. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, Shangazi. Kufuli kubwa, kwa ndani. Waliofika mbele wakawa wanapiga kelele turudi, na sisi wa nyuma tunasukuma. Redio akaanguka, wakamkanyaga. Nilisikia mkono wake. Ulilia kama rula inapovunjwa.

Mwalimu aliuzima moto kwa ndoo za mchanga. Hakuna aliyekufa. Leo tumepewa barua za kupeleka kwa wazazi, zimegongwa muhuri wa mkuu wa shule. Zinasema mwanafunzi mmoja aliteleza kwenye ngazi za maabara akaumia.

Maabara yetu iko chini. Haina ngazi hata moja.

Sisimizi wako


Jumapili, 9 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umeumia popote? Usinifiche. Unajua kukaa kimya hata ukiwa unaungua.

Nianze na dogo kama ulivyoanza wewe.

Mwanasafu ni mwandishi mwenye sehemu yake gazetini, ile ile kila wiki, ambapo anasema jambo anavyoliona yeye, kisha anaweka jina na sura yake ili wenye hasira wajue pa kuzipeleka. Mwandishi wa habari akiandika kwamba mvua ilinyesha, amemaliza kazi, anakwenda kunywa chai. Mimi naandika kwamba mvua ilinyesha, mtaro haukuzibuliwa, na namkasirikia aliyepaswa kuuzibua. Lakini shika hili: lazima mvua iwe ilinyesha kweli. Hasira ni zangu, mvua si yangu.

Mhariri wa habari hapa kazini hatupendi. Anasema sisi watu wa maoni tunafika gazetini kama wageni wa harusi: tumechelewa, tumependeza, na tunataka kula kwanza. Na neno lenyewe watu hulitumia watakavyo. Wakinitaka kwenye mkutano wao naitwa "mwanasafu mashuhuri". Nikiwakera, "Aa, yule? Mwanasafu tu."

Haya. Sasa nijibu kama anavyojibu shahidi, bila mapambo. Kufuli uliliona kwa macho yako au uliambiwa? Lilikuwepo kabla ya siku ile? Wazazi wa Redio wanasemaje?

Shangazi yako


Ijumaa, 14 Februari

Shangazi mpendwa,

Sikuungua. Nywele za mbele tu zilinuka.

Kufuli nililiona na nililishika. Nilikuwa nimebanwa kwenye mlango mpaka likanichapa alama kwenye kiganja. Liliwekwa muhula uliopita, baada ya viti vya maabara kuibwa. Ufunguo anao mkuu wa shule, ofisini kwake, upande wa pili wa uwanja. Na jana nimepita dirishani nikachungulia. Bado lipo! Pazia limebadilishwa, ukuta umepakwa rangi, na kufuli linaning'inia pale pale.

Baba yake Redio aliitwa shuleni. Alipotoka akamwambia Redio akiulizwa aseme ngazi. Redio! Mtu asiyeweza kunyamaza hata kwenye mtihani. Anauangalia mkono wake wenye plasta kama mkono wa mtu mwingine.

Nakuomba kitu kimoja. Usinitaje. Mimi nasoma hapa kwa nafasi ya ufadhili, na anayeitoa ni mkuu, na anayeiondoa ni yeye. Bibi hawezi kunilipia shule hii hata akiuza nyumba. Najichukia kwa kuomba hivi, lakini naomba.

Sisimizi


Alhamisi, 27 Februari

Shangazi!

Umeandika! Nimeiona asubuhi kwa muuza magazeti, sura yako ile yenye miwani, na chini yake maabara yetu! Watu walikuwa wananipita mimi nimesimama kama nguzo ya taa.

"Naamini iko shule ambayo mlango wa dharura wa maabara umefungwa kwa kufuli. Naamini binti mmoja alikanyagwa mbele ya mlango huo. Naamini aliyeandika kuhusu ngazi hajawahi kuziona, kwa sababu hazipo."

Hukutaja shule. Hukunitaja mimi. Lakini saa ya mstari mkuu wa shule alitoka na gazeti mkononi, mishipa ya shingo imemsimama, akasema kuna mtu anayechafua jina la shule yetu mijini huko, na nyoka hawezi kumwuma mtu asipokuwa na tundu ndani ya nyumba. Nilitazama viatu vyangu.

Nimemsimulia Bibi. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Hakutajwa, na amejitambua? Mwambie mkuu wenu anajijua vizuri."

Mimi sijaweza kucheka. Nafurahi, naogopa, sijui kinachotangulia.

Sisimizi wako


Jumanne, 4 Machi

Sisimizi,

Mkuu wenu amepeleka malalamiko kwa kamati inayosikiliza kesi za magazeti. Ni jambo la kawaida, hutokea, usikose usingizi kwa ajili yake. Kazi ya kujibu ni yangu.

Kula vizuri. Msaidie Redio kuandika madaftari yake. Mambo ya kufuli usiniandikie tena kwa sasa, na barua zangu za nyuma mpe Bibi azihifadhi kwake.

Shangazi yako anayekupenda


Alhamisi, 20 Machi

Shangazi,

Leo sikuamkii. Nisamehe, au usinisamehe.

Mkuu ametusomea gazeti mstarini, polepole, kama anayelamba asali. Ukurasa wa pili, ndani ya kisanduku: "Kamati imeridhika kwamba yaliyoandikwa kuhusu kufuli na kuumia kwa mwanafunzi yalikuwa maoni binafsi ya mwanasafu. Mwanasafu mwenyewe ameieleza kamati kwamba hakuwa na shahidi yeyote, na kwamba hayo yalikuwa mawazo yake tu. Gazeti linaiomba radhi shule."

Mawazo yako tu!

Nilidhani amesoma vibaya. Baada ya vipindi nikalitafuta gazeti mwenyewe, nikalisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ni kweli. Wewe uliyeniambia lazima mvua iwe ilinyesha!

Unajua Redio amesema nini? Aliniuliza, "Kwa hiyo mkono wangu umevunjika kimaoni?" Wenzetu wawili wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Nilisema ngazi kwa sababu Baba aliniomba. Yeye shangazi yako nani alimwomba?"

Jibu? Ninalo la kwangu tu: uliogopa. Ulipenda ile picha yako ya Alhamisi kuliko mkono wa mtu. Nimeliandika na silifuti.

Chini ya kisanduku kulikuwa na anwani ya kamati. Nimewaandikia. Nimeeleza yote: kufuli, ufunguo, pazia, alama ya kiganja, na kwamba nilikuandikia wewe siku tatu baada ya moto. Nimeweka jina langu kamili na la shule. Mkono haukutetemeka hata kidogo, nikajishangaa. Redio ametia sahihi kwa mkono wa kushoto, imetoka kama njia ya konokono. Nimeituma leo leo, kwa haraka, kabla sijawa mimi tena.

Mpwa wako


Alhamisi, 20 Machi

Sisimizi wangu,

Najua leo umesoma kisanduku kile. Nilitaka barua hii ikufikie kabla yake, nikashindwa kuiandika. Nimechana nyingi.

Sikiliza yaliyotokea. Kamati inakaa kwenye chumba kidogo chenye feni inayolia. Kwa kanuni zao habari lazima iwe na shahidi mwenye jina. Maoni hayahitaji shahidi. Mwanasheria wa gazeti alinishika kiwiko mlangoni akasema, "Dada, sema wewe ni mwanasafu, tutoke tukale."

Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, ulipoandika kuna kufuli, ulikuwa unatoa habari au unatoa maoni?"

Nikasema, "Kufuli si maoni, mwenyekiti. Kufuli ni chuma."

Akasema, "Vizuri. Basi tutajie aliyeliona."

Mkuu wenu alikuwa ameketi pembeni yangu, kalamu mkononi, ameshafungua kifuniko. Alikuwa anangoja jina, mwanangu. Akishalipata hata kesi asingeijali tena. Nikamwona anavyoishika ile kalamu, nikakuona wewe na mabegi yako unarudi kwa Bibi, shule imekwisha.

Nikasema, "Ni maoni. Mimi ni mwanasafu tu."

Mwenyekiti hakuridhika. Akaniapisha. "Hakuna mtu yeyote aliyekueleza?" Nikasema hakuna. Kwa kiapo. Nilitoka nje nikashindwa kula.

Usiniheshimu kwa hilo wala usinidharau, bado sijui lipi linanistahili. Lakini sasa nakuomba kama ulivyoniomba wewe: usifanye lolote. Nyamaza, soma, maliza shule. Shahidi akijitokeza sasa hivi, mimi nitakuwa nimedanganya kwa kiapo, na hilo gazeti halisamehe.

Nimeanza kuzunguka kwingine. Kuna mtu wa ukaguzi wa majengo namfahamu. Kufuli lile litatoka, nipe muda.

Shangazi yako


Jumanne, 25 Machi

Shangazi,

Barua yako imefika leo.

Yangu ya kamati imefika jana. Wamepiga simu kwa Bibi kuuliza kama mimi ni mtu wa kweli.

Nimeisoma yako nikiwa nimekaa sakafuni, sijui nilifikaje sakafuni. Bibi ananiuliza kuna nini, nami nimekuwa yule yule wa kwenye simu, "salama, Bibi, salama". Shangazi, nimefanya nini? Zilipishana njiani. Yangu ilikuwa inakuchongea wakati yako inanificha.

Niambie niwaandikie kwamba nilidanganya. Niambie tu, nitaandika sasa hivi. Nitasema niliota.

Nijibu. Au piga simu, nitaongea. Nakuapia nitaongea.

Sisimizi


Jumamosi, 12 Aprili

Sisimizi,

Nimechelewa kukujibu na nitakuambia kwa nini. Nilikuwa na hasira na wewe. Si kidogo. Nilikuwa nikioga nakukasirikia, nikipika nakukasirikia. Mtoto wa kaka yangu, niliyemfundisha kushika penseli! Simu ya Bibi nilipokea mara moja, nikasikia unapumua upande wa pili, nikakata. Ilikuwa vibaya.

Usiwaandikie kwamba uliota. Ukithubutu nitakuja huko nikuchape mbele ya Redio.

Sasa habari. Kamati ilikuja shuleni kwenu bila taarifa, hilo unalijua. Usichokijua ni walichokikuta kwenye faili la mkuu: barua mbili za mwalimu wa kemia, alizoandika kabla ya moto, akiomba kufuli litolewe; ameiambia kamati kwamba siku ya moto hofu ilimsahaulisha. Mkuu amejibu chini ya moja kwa wino mwekundu: "Haya ni maoni yako."

Kamati imefuta radhi ile. Shule imeamriwa kuwaandikia wazazi upya, na nafasi yako ya ufadhili haiguswi. Imo ndani ya uamuzi, nimeisoma kwa macho yangu. Na mimi nimeondolewa. Nilisema uongo kwa kiapo, na mhariri wangu hakuwa na pa kunificha. Aliniita, akafunga mlango, akalia kuliko mimi ikabidi nimpe leso. Alhamisi hii kwenye safu yangu wameweka tangazo la magodoro. Nimelitazama muda mrefu. Ni magodoro mazuri.

Jirani yangu ameniuliza, "Kwa hiyo sasa wewe si mwanasafu tena?" Ndipo nikaona nilivyolitumia neno lile mbele ya kamati. Nililisema kama mkuu wenu alivyoliandika lake kwa wino mwekundu: kuonyesha kwamba halina uzito. Nililiita jambo lako maoni ili likose thamani, lisiwe na mwenyewe. Nilidhani nakulinda, na nilikulinda kweli. Lakini kufuli nalo nilililinda. Lingekuwepo hadi leo.

Kwa hiyo hasira zimekwisha. Huzuni ipo, hiyo niachie.

Shangazi yako


Jumatano, 16 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako jikoni mpaka Bibi akaniondolea kibatari, akaniambia nikalale. Anasema chumba chako kimefagiwa na kitanda kimehamishwa mbali na dirisha linalovuja, na kwamba ukija ukamwambia unapita tu atakufungia nje.

Sijui kuomba msamaha kwa jambo ambalo ningelifanya tena. Hilo ndilo linalonishtua zaidi kuliko yote. Nimejipima kila upande. Ningelifanya tena, na ningeumia tena hivi hivi.

Watu wananiangalia. Wengine wananisalimia ambao hawakuwahi, wengine wanahama benchi. Mkuu akipita mimi hutazama viatu vyake badala ya vyangu, ni hatua. Redio ametolewa plasta, mkono umekonda kama wa mtoto, na kelele zimerudi zote.

Leo tulikuwa na kemia, mara ya kwanza ndani ya maabara tangu siku ile. Kufuli limetolewa, mlango umefungwa kwa kitasa tu. Hakuna aliyetaka kukaa mbele. Mwalimu wa kemia alikuwa anapita kati ya meza akikagua mipira ya gesi, mmoja mmoja, akaivuta yote. Alipofika kwetu akainama kama anayekagua, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi yako hajambo?"

Unanijua. Ningesema "hajambo, mwalimu" na ingekwisha hapo.

Nikasema, "Amefukuzwa kazi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Maabara nzima ikageuka, hata Redio. Mwalimu akanyooka. Alitembea mpaka nyuma, akausukuma ule mlango ukafunguka wote, akavuta kigoda chake mwenyewe akauegemeza nacho usijifunge. Upepo ukaingia, karatasi zetu zikaruka sakafuni.

Akarudi ubaoni akaanza kufundisha amesimama. Amefundisha vipindi vyote viwili amesimama.

Njoo nyumbani, Shangazi.

Sisimizi wako